Kupima Metali Nzito Kwenye Maji kwa Unga wa Soya

Zebaki iliyoyeyuka kwenye maji haina rangi, harufu wala ladha. Kadimi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana watu wanaoishi karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu, iwe Geita, Kahama au Chunya, hukaa miaka wakibishana kama maji ya kijito chao yanafaa au hayafai, kila mmoja na ushahidi wake: ndama aliyekufa, mtoto mwenye vipele visivyoisha, au mzee aliyeyanywa maji hayo tangu utoto na bado analima. Jibu la uhakika liko maabara. Lakini maabara hutoza kwa kila metali na kwa kila chupa, na kijito kimoja kinaweza kuwa na sehemu kumi na mbili ambako watu huchota, hufua na kunyweshea mifugo. Kamati ya maji haina fedha za kupima zote. Inachohitaji kwanza ni kujua sehemu mbili au tatu zinazostahili kupelekwa maabara kabla ya nyingine.

Kazi hiyo ya kuchambua inaweza kufanywa kwa kimeng'enya, kwenye maabara ya sekondari ya kata, na mwalimu wa kemia pamoja na wanafunzi wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya kamati ya maji itakayowaomba msaada.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu afya za watu zinalitegemea: jaribio hili haliwezi kumpa mtu ruhusa ya kunywa maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha zebaki kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.006 kwa lita, kadimi 0.003, risasi 0.01, arseniki 0.01, na shaba 2. Unga wa soya hauna macho ya kuona miligramu 0.006 za zebaki. Ukipata matokeo mabaya, umepata sababu ya kuchukua hatua. Ukipata matokeo mazuri, umejua tu kwamba hakuna metali nyingi kiasi cha kukilemea kimeng'enya, na hapo safari ya kwenda maabara bado ipo.

Kimeng'enya kinavyosema

Yurease ni kimeng'enya kinachovunja yurea, ile ile ya mbolea na ya mkojo, ikawa amonia na kaboni dayoksaidi. Kimo kwa wingi kwenye soya mbichi, kwenye mbegu za tikiti maji, na kwenye jamii ya maharage makubwa meupe ambayo James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyatumia mwaka 1926 kupata fuwele za kimeng'enya kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo ilimfanya awe mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1946. Watengenezaji wa chakula cha kuku wanaifahamu yurease kwa sababu nyingine kabisa: huipima kwenye soya ili wajue kama imepata moto wa kutosha, kwa kuwa soya mbichi humharibia kuku usagaji wa chakula. Soya iliyokaangwa vizuri haina yurease iliyo hai. Kumbuka hilo utakapokwenda sokoni.

Amonia inayotoka kwenye yurea hupandisha pH ya maji. Ukitia tone la kionyeshi kinachoitwa fenoli redi, utaona rangi ikitoka njano, ikapita machungwa, ikawa nyekundu ya waridi. Kimeng'enya kikiwa na nguvu, rangi hugeuka haraka. Kikidhoofishwa, hugeuka kwa kuchelewa au haigeuki kabisa.

Kinachokidhoofisha ni hiki. Karibu na sehemu ya kazi ya yurease kuna kipande cha protini kinachofunguka na kujifunga ili kupitisha yurea, na kwenye kipande hicho pana atomu ya salfa. Zebaki huishika salfa kwa nguvu kubwa mno. Ikishaing'ang'ania hapo, kipande hakisogei tena vizuri, kama bawaba ya mlango iliyoingia mchanga. Fedha na shaba hufanya vivyo hivyo. Kadimi, nikeli na zinki zina athari ndogo zaidi. Risasi huidhoofisha yurease kidogo sana, na arseniki ya majini karibu haiigusi. Mpangilio huo ndio unaoamua jaribio hili linafaa wapi. Kwenye mialo inayotumia zebaki linafaa kwa uchambuzi wa awali. Katanga, kwenye mito inayopokea maji ya viwanda vya shaba na kobalti pande za Likasi na Kolwezi, linafaa zaidi, maana kikomo cha shaba ni miligramu 2 kwa lita na kimeng'enya kinaweza kukikaribia. Mwalimu wa huko anayesoma Kiswahili hiki ana silaha kali kuliko mwenzake wa Geita.

Vitu vya kutafuta

Nunua soya punje nzima, mbichi. Unga wa lishe na unga wa soya wa dukani mara nyingi umeshakaangwa na hautafanya kazi. Saga kwa blenda au twanga kwenye kinu, kisha chekecha upate unga laini.

Yurea ya maabara ndiyo nzuri. Ya mbolea inafaa kwa kujifunzia, ila ichuje kwanza na uijaribu na maji safi kabla ya kuiamini. Fenoli redi ununue kwa wauza kemikali za shule. Ile ya vifaa vya kupimia mabwawa ya kuogelea usiitumie, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuua klorini, na dawa hiyo hushika zebaki pia. Walimu wengine watakushauri utumie rosela au kabichi ya zambarau. Zinapendeza darasani, lakini rangi zake zenyewe hushikana na metali, na macho mawili hayatakubaliana ni dakika ipi rangi imegeuka.

Unahitaji pia maji yaliyokenekwa. Mahali pasipo na mtambo wa kukenekea, watu hutumia maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Hakikisha ni maji matupu na si asidi ya betri: pima pH kwanza, na usifungue chupa karibu na uso.

Mengine ni mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu ya gramu, testitubu, mabomba ya sindano ya mililita 1 na 10, kipimajoto, beseni, saa, karatasi za kuchujia, asidi haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi zilizopunguzwa sana, na chumvi ya EDTA. EDTA utaona umuhimu wake hapo chini. Bila hiyo usianze. Kwa ajili ya kujipima, tafuta mrututu (salfeti ya shaba) wa maabara. Usinunue zebaki ili kupimia jaribio lako. Hakuna somo la kemia linalostahili zebaki zaidi kuingia shuleni.

Kuchota

Kwenye kijito, anzia chini upande kwenda juu, ili tope unalolitibua lisikufuate. Simama ukiangalia kule maji yanakotoka, chupa mbele yako. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya pale pale, kisha ijaze bila kugusa chini. Kituo chako cha juu kabisa lazima kiwe juu ya shughuli zote: juu ya mialo, juu ya karasha, na juu ya vilima vya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, ambavyo mvua huviosha hata kama mwalo umefungwa. Kituo cha juu kikiwa kimeshachafuka, hutakuwa na cha kulinganisha nacho.

Sampuli za kimeng'enya zisitiwe asidi. Ziweke kwenye kivuli au kwenye boksi lenye barafu, na zipimwe siku hiyo hiyo, maana metali hujibandika kwenye kuta za chupa. Ziache zitulie, chota ya juu, chuja. Fahamu kwamba kwa kufanya hivyo umeacha nyuma metali iliyoshikana na tope. Zebaki nyingi ya mtoni hukaa kwenye tope, na kimeng'enya huona iliyoyeyuka tu, tena ile isiyofungwa na mboji wala udongo.

Maji yanayotoka kwenye vati za sianidi yaache. Hayo ni ya alikali kali na yataharibu jaribio, lakini sababu kubwa ni usalama wako: ukiyatia asidi, yatatoa gesi ya sianidi inayoua. Kama kijito kinapita karibu na vati, waambie wanafunzi wasitie tone la asidi kwenye sampuli yoyote ya hapo, hata kwa ajili ya kurekebisha pH. Sampuli hizo zipelekwe kwa wataalamu zikiwa hivyo zilivyo, na maelezo yameandikwa juu ya chupa.

Kupima

Pima gramu 1 ya unga wa soya, tia kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, koroga kwa nusu saa, chuja kwa kitambaa kisha kwa karatasi. Hiki ndicho kimeng'enya chako. Kitayarishe asubuhi ukitumie siku hiyo.

Kosa la kawaida ni kutumia kimeng'enya kingi mno. Kikiwa kingi, hata nusu yake ikizimwa na zebaki, nusu iliyobaki hugeuza rangi kwa kasi ile ile machoni, na protini nyingine za soya hushika metali kabla haijafika inakotakiwa. Kwa hiyo kipunguze. Anza kwa sehemu moja ya maji ya soya na sehemu nne za maji yaliyokenekwa, ujaribu na maji safi, uongeze au upunguze mpaka rangi igeuke kati ya dakika ya 6 na ya 10. Hapo ndipo jaribio linapoona vizuri.

Tengeneza yurea gramu 3 kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, utie matone ya fenoli redi mpaka njano ionekane wazi. Kama imeanza kuwa nyekundu kabla ya kazi, rekebisha kwa tone la asidi.

Sasa tia mililita 8 za sampuli kwenye testitubu, ukiwa umesharekebisha pH yake iwe 7. Ongeza mililita 1 ya kimeng'enya. Subiri dakika 30. Usiruke hatua hii, kwa sababu metali inahitaji muda kukaa mahali pake, na ukitia yurea mapema kimeng'enya kitafanya kazi kabla hakijashikwa. Baada ya hapo ongeza mililita 1 ya yurea yenye kionyeshi, tikisa mara moja, anza saa. Andika dakika na sekunde rangi inapofika kwenye waridi uliyochagua. Weka testitubu moja iliyokwisha kugeuka pembeni, juu ya karatasi nyeupe, iwe kipimo cha macho cha wote.

Testitubu zote zikae kwenye beseni moja la maji ya nyuzi 30 hivi, na zote ziingie kazini pamoja. Kasi ya kimeng'enya hukaribia kuongezeka maradufu joto likipanda nyuzi 10, kwa hiyo sampuli iliyopimwa saa mbili asubuhi haiwezi kulinganishwa na iliyopimwa saa nane mchana mezani karibu na dirisha. Kila sampuli ipimwe kwenye testitubu tatu. Zikitofautiana sana zenyewe kwa zenyewe, rudia kazi kabla ya kusema lolote.

Linganisha maji na maji hayo hayo

Hapa ndipo majaribio mengi ya shuleni huanguka, na ndipo ningependa usome polepole.

Njia iliyozoeleka ni kulinganisha maji ya kijito na maji yaliyokenekwa. Tatizo ni kwamba maji ya asili yana mambo mengi yanayochelewesha rangi bila metali yoyote. Maji ya visima yenye bikaboneti nyingi hukataa kupandishwa pH. Klorini ya maji ya bomba huiharibu salfa ile ile inayoshikwa na zebaki. Na floraidi, ambayo imejaa kwenye maji ya sehemu nyingi za Arusha, Manyara, Singida na Shinyanga, ni kizuizi cha yurease kinachojulikana. Mwalimu wa Meru akipima kisima chake kwa njia ya kawaida anaweza kuitisha mkutano wa kijiji kuhusu zebaki isiyokuwepo.

Dawa yake ni kuipa kila sampuli mwenzake. Gawa maji ya kituo kimoja mara mbili. Upande mmoja unabaki ulivyo. Upande wa pili unatiwa EDTA kabla ya kimeng'enya. EDTA hukumbatia ayoni za shaba, kadimi, nikeli na zinki kwa nguvu na kuziondoa njiani, lakini floraidi haiigusi, na bikaboneti inabaki pale pale. Kilichochelewesha testitubu ya kwanza kama ni metali, testitubu ya pili itapona. Kama ni floraidi au chumvi, zote mbili zitachelewa sawasawa.

Tengeneza EDTA kwa kuyeyusha gramu 3.7 za chumvi yake ya sodiamu kwenye mililita 100 za maji, ukiirekebisha pH kwa sodiamu haidroksaidi hadi 7. Matone mawili kwa kila mililita 10 za sampuli yanatosha. Baada ya kuyatia pima pH tena na uirudishe kwenye 7, kwa kuwa EDTA ikishika kalsiamu ya maji magumu hutoa asidi kidogo, na asidi hiyo peke yake inaweza kuchelewesha rangi ukadhani ni sumu. Maji yaliyokenekwa nayo yapate mwenzake mwenye EDTA, ili uone kwamba EDTA yenyewe haikisumbui kimeng'enya chako.

Kwa zebaki, EDTA husaidia nusu nusu tu, maana salfa ya kimeng'enya inaivuta zebaki kwa nguvu zaidi. Ukiweza kupata sisteini, ambayo ni asidi amino yenye salfa, ongeza testitubu ya tatu yenye kiasi kidogo chake, pH ikiwa imerekebishwa. Maji yasiyopona vizuri kwa EDTA na yanayopona kwa sisteini yapelekwe maabara ya kwanza kabisa, na kwenye fomu uandike neno zebaki.

Tuseme maji yaliyokenekwa yamegeuka dakika ya 7. Maji ya kituo cha juu yamegeuka dakika ya 8, na mwenzake wa EDTA dakika ya 8. Hapo hakuna habari. Maji ya chini ya mwalo yamegeuka dakika ya 21, mwenzake dakika ya 9. Gawa 9 kwa 21, upate kama 0.43: kimeng'enya kimebaki na asilimia 43 ya kasi yake, kwa hiyo asilimia 57 imezuiwa na kitu ambacho EDTA imeweza kukiondoa. Hicho ni metali. Kisima cha karibu na shule kimegeuka dakika ya 15, na mwenzake dakika ya 15. Kisima kina kitu, ila si metali ambazo EDTA huzishika. Kipime floraidi na ugumu wa maji kabla ya kumtisha mtu. Tofauti iliyo chini ya asilimia 20 kati ya wenza wawili usiitangaze, hata kama imejirudia mara mbili.

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye chombo kipana usiku kucha, uyapime kwa karatasi ya klorini asubuhi, ndipo uyatumie.

Jua macho ya kimeng'enya chako yanaishia wapi

Kabla hujapima kijito, pima mrututu. Gramu 0.393 za mrututu safi kwenye mililita 100 za maji zinakupa miligramu 1,000 za shaba kwa lita. Chukua mililita 1 yake uiongezee maji yaliyokenekwa ifike mililita 100, upate miligramu 10 kwa lita. Kutoka hapo shuka: 5, 2, 1, nusu. Pitisha kila moja kwenye jaribio zima, pamoja na mwenzake wa EDTA. Kiasi kidogo kabisa ambacho kimechelewesha rangi waziwazi ndicho mpaka wa jaribio lako wewe, kwa soya yako na beseni lako. Uandike ukutani. Ukisema kwenye mkutano kwamba hukuona shaba, sema pia kwamba usingeweza kuiona ikiwa chini ya kiasi hicho. Jaribio la mrututu lifanyike kila siku ya kazi, maana siku moja unga utakuwa umezeeka na hutajua.

Kama halmashauri au chuo kina fedha, kipo kifaa cha hali ya juu zaidi kinachoitwa MetPLATE, kilichotengenezwa miaka ya 1990 na Gabriel Bitton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida. Hutumia bakteria na kimeng'enya chao kinachovunja sukari ya maziwa, kwenye kibao chenye vishimo 96, na rangi hutoka njano kwenda zambarau. Kimechaguliwa makusudi ili kisumbuliwe na metali zaidi kuliko sumu nyingine. Kinahitaji joto la nyuzi 35 na mashine ya kusoma rangi.

Wapi usilitegemee kabisa

Risasi. Mombasa, kwenye mtaa wa Owino Uhuru, watu waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mahakama iliagiza mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwalimu ambaye angepima maji ya Owino Uhuru kwa soya angeona rangi ikigeuka vizuri, angewaambia watu watulie, na angekuwa amewadhuru. Risasi ina kimeng'enya chake inachokizima, kimo ndani ya damu yetu wenyewe: kile kinachosaidia kutengeneza wekundu wa damu, ambacho hufanya kazi kwa zinki, na risasi huingia mahali pa zinki hiyo. Madaktari hukipima kwenye damu kama dalili ya mtu kuguswa na risasi. Kwa hiyo penye betri, rangi za zamani au viwanda vya kuyeyusha, dai kipimo cha damu ya watoto, na maji na udongo vipimwe maabara.

Arseniki. Miamba ya dhahabu ya kusini mwa Ziwa Victoria mara nyingi ina arseniki, na soya haitaiona. Kwa arseniki kuna vifaa vya shambani vinavyoigeuza kuwa gesi na kuipaka rangi ya njano hadi kahawia kwenye karatasi. Vimetumika sana Bangladesh. Karatasi hizo zina chumvi ya zebaki, zishikwe kwa glavu na zisitupwe ovyo.

Samaki. Zebaki ikishageuzwa na bakteria wa tope kuwa zebaki ya kikaboni, hupanda kutoka wadudu hadi samaki wadogo hadi wakubwa, ikiongezeka kila hatua. Ndivyo ilivyokuwa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Maji yanaweza kuonekana safi kwa kipimo chochote cha bei nafuu huku samaki anayekula samaki wenzake akiwa na mzigo.

Na moshi. Mama anayechoma zebaki ili abaki na dhahabu, mtoto mgongoni, anavuta mvuke kila siku ya kazi. Hakuna kipimo cha maji kitakacholiona hilo. Ukienda mwalo kuchota sampuli, zungumza naye kuhusu kuchomea mbali na nyumba na kwa kutumia retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki, kwa sababu pengine hilo litamwokoa kabla ya majibu ya maabara kufika.

Kupeleka maabara

Sampuli za maabara ni nyingine, usitumie mabaki ya kimeng'enya. Kwa zebaki chupa ya glasi ni bora kuliko ya plastiki ya kawaida, ambayo huipitisha zebaki taratibu. Maabara itakupa chupa na asidi ya nitriki ya kuhifadhia. Ndiyo asidi ambayo haitiwi kwenye maji ya karibu na vati za sianidi. Waambie mapema ulipo. Tanzania unaweza kwenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, Mwanza ikiwemo. Chagua kituo kilichochelewa zaidi, kituo cha juu, na kituo kimoja kilichoonekana kizuri lakini watu wengi wanakunywa hapo. Hicho cha tatu usikiache hata fedha zikiwa chache. Kwenye fomu taja metali unazotaka kwa majina: zebaki, shaba, kadimi, risasi, arseniki. Ukiandika metali nzito tu, utapimiwa zile zilizo rahisi.

Kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji peleka ramani iliyochorwa kwa mkono, vituo vikiwa na namba, dakika za kila kituo na za mwenzake, tarehe, na kama mvua ilinyesha juzi. Rudia kazi wiki ya kwanza ya vuli na tena katikati ya kiangazi, kwa sababu mvua za mwanzo huteremsha marudio, na kiangazi hukusanya kilichoyeyuka kwenye maji machache. Mabaki ya testitubu zenye mrututu na maji ya mwalo yakusanye kwenye chupa moja yenye lebo, uikabidhi maabara pamoja na sampuli zako. Usiyamwage kwenye karo la shule.